Mchezo wa kupangwa: maana yake, na namna unavyofanyika kwenye runinga

Shangazi yangu wa Makorora hana shaka hata chembe. Mshiriki wa chemsha bongo akijifuta jasho, akatazama juu kama anayesoma jibu kwenye dari, kisha akapatia swali la milioni, shangazi anaweka kikombe chini na kutoa hukumu: "Huyo kabebwa." Mshiriki akikosa swali ambalo mtoto wa darasa la nne analijua, hukumu inabadilika neno moja tu: "Huyo kauza." Kwa miaka mingi nilikuwa nikimjibu, "Shangazi, hii ni televisheni, watu wote wanatazama, haiwezekani." Siku hizi simjibu hivyo. Inawezekana, imeshafanyika mara kadhaa, na namna ilivyofanyika inajulikana hadi kwenye vitu vidogo vidogo. Ila maneno yake mawili yanachanganya mambo ambayo yafaa yatenganishwe.

Mchezo wa kupangwa ni shindano ambalo watazamaji wanaambiwa ni mtihani wa akili au wa bahati, kumbe matokeo yake, yote au sehemu, yameshaamuliwa kwa siri na wale wanaouendesha. Siri ndiyo kiini cha jambo. Tamthilia nayo imepangwa mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna aliyeambiwa si tamthilia. Watayarishaji wakichagua washiriki wachangamfu na kuwaacha wapole, hawajapanga matokeo. Wakirekodi saa tatu wakaonyesha dakika 40, hapo pia hawajapanga matokeo, hata kama ukimya wa mshiriki umerefushwa ili roho zituruke.

Mshiriki anayeiba kwa mkono wake ni habari nyingine pia. Septemba 2001 huko Uingereza, Charles Ingram, meja wa jeshi, alifika pauni milioni 1 kwenye chemsha bongo ya Who Wants to Be a Millionaire? Baadaye mahakama ikaambiwa kuwa jibu sahihi lilipotajwa, mtu aliyekaa miongoni mwa washiriki wengine alikuwa akikohoa. Mwaka 2003 Ingram, mkewe na yule wa kikohozi walitiwa hatiani, ingawa walikana. Pauni hazikulipwa. Hapo mwenye kipindi ndiye aliyeibiwa. Mchezo wa kupangwa ni kinyume chake: mwenye kipindi ndiye anayetuibia sisi.

Kisa kinachofundisha zaidi kuliko vyote ni cha Marekani, kipindi kilichoitwa Twenty-One, mwaka 1956. Kilianza kwa haki. Kipindi cha kwanza washiriki wawili waliulizwa maswali halisi, wakakosa, wakakosa tena, na kipindi kikadoda. Mdhamini aliyekuwa akiuza Geritol, dawa ya kuongeza nguvu, alikasirika na kutaka jambo lile lisijirudie. Hapa pana mzizi wa mambo: aliyelipia kipindi hakununua haki, alinunua watazamaji. Na maswali magumu yakiulizwa kwa haki, mara nyingi huzaa vipindi vya kuchosha.

Mtayarishaji Dan Enright akaenda nyumbani kwa mwanafunzi mmoja wa New York, Herbert Stempel, mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu. Akampa maswali na majibu. Hakuishia hapo. Alimpangia nywele zikatwe vibaya, avae suti isiyomkaa, amwite mtangazaji kwa heshima kama maskini aliyeingia jumba la watu. Alimfundisha hata jasho: aguseguse paji la uso kwa leso, asilifute. Chumba cha kioo ambamo mshiriki alisimama peke yake kilizimiwa kiyoyozi ili jasho lije lenyewe. Jasho lilikuwa la kweli, ila sababu yake haikuwa swali. Nikikumbuka shangazi anavyosoma nyuso za washiriki, mambo ya leso ndiyo ninayotamani ayajue kuliko mengine yote. Uso wa mtu haukwambii kama mchezo umepangwa.

Watazamaji wakaanza kumchoka Stempel. Akatafutwa kijana mzuri wa sura, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa ukoo wa wasomi, Charles Van Doren. Desemba 1956 Stempel akaamriwa ashindwe. Swali aliloambiwa akose lilikuwa juu ya filamu iliyopata tuzo kuu ya Oscar kwa mwaka 1955. Jibu ni Marty, filamu aliyoipenda na kuiona mara tatu. Akajibu On the Waterfront, kama alivyoagizwa. Kwa hiyo katika kipindi kimoja unaona yote mawili ya shangazi: Van Doren alibebwa, na Stempel, kwa maana ya mtaani, aliuza. Lakini aliyeshika mbeleko na aliyepanga bei alikuwa mmoja, na hakukaa kwenye kiti cha mshiriki.

Van Doren aliondoka na dola 129,000 na sura yake ikawa kwenye jalada la jarida la Time. Stempel alipolalamika hakuna aliyemwamini. Alionekana mtu mwenye kijicho. Siri ilipasuka kupitia kipindi kingine, Dotto, mwaka 1958, mshiriki wa akiba alipoona daftari la mwenzake likiwa na majibu ndani. Halafu akatokea James Snodgrass, msanii aliyecheza Twenty-One, ambaye alifanya jambo la busara mno. Alipopewa maswali na majibu kabla ya kipindi, aliyaandika kwenye barua na kujitumia mwenyewe kwa rejista ya posta, kisha akaiacha imefungwa. Bahasha ilipofunguliwa mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959, muhuri wa posta ulionyesha tarehe iliyotangulia kipindi. Novemba mwaka huo Van Doren akakiri mbele ya kamati hiyo hiyo.

Jambo moja huwashangaza wengi: kumpa mshiriki majibu hakukuwa kosa la jinai Marekani wakati ule. Waliofikishwa mahakamani walishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Sheria iliyokataza kupanga matokeo ya mashindano ya redio na televisheni ilikuja mwaka 1960.

Kuna njia laini zaidi ambayo haihitaji hata kumwambia mshiriki chochote. Unampima mapema kwa mazungumzo na mtihani wa majaribio, unajua anachojua na asichojua, kisha unachagua maswali. Umpendaye unampelekea mto wenye maji ya magoti, usiyempenda unampelekea kina. Mshiriki mwenyewe anatoka akiapa kwamba hakusaidiwa, na anasema kweli. Hii ndiyo ngumu kuliko zote kuithibitisha, na mimi naihesabu kuwa kupanga, kwa sababu mtazamaji ameambiwa maswali hayamjui mtu.

Tuje kwenye bahati nasibu, maana huko watu husema, "Droo ilikuwa moja kwa moja, tumeona kwa macho." Tarehe 24 Aprili 1980, jimbo la Pennsylvania, Marekani, droo ya namba yenye tarakimu tatu ilionyeshwa moja kwa moja. Mashine ilipuliza hewa, vipira vya tenisi ya meza vikaruka, namba ikatoka: 666. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, alikuwa amekula njama na wenzake. Rangi iliingizwa ndani ya vipira kwa sindano ili viwe vizito, vyote isipokuwa vyenye namba 4 na 6. Hewa ikanyanyua vyepesi. Namba zilizoweza kutoka zikabaki 8 tu, kuanzia 444 hadi 666, na wenzake walikuwa wamezinunua kwa wingi. Ununuzi huo usio wa kawaida ndio uliowachoma. Picha ilikuwa ya moja kwa moja kweli. Kamera ilionyesha kila kitu isipokuwa uzito.

Nakiamini kisa hiki kwa urahisi kuliko wengi, kwa sababu mkono wangu umewahi kutumika. Nilikuwa na miaka 11, Ngamiani, jioni ya sherehe ya mtaa. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, imesimamishwa juu ya meza, spoki zinamelemeta chini ya taa ya karabai. Kwa Tanga baiskeli ni mguu wa mtu. Anayeuza samaki, anayekwenda shamba, anayepeleka mtoto shule, wote wanaihitaji. Tikiti zilikuwa zimeuzwa wiki nzima. Mama wa rafiki yangu, muuza vitumbua, alinunua tano.

Wakatafuta mtoto wa kuchomoa namba, maana mtoto hana hila. Nikaitwa mimi. Mzee aliyesimamia akainama sikioni akaniambia kwa upole, "Tia mkono mjukuu wangu, usiharakishe. Ukigusa iliyo ngumu kama kokwa la ukwaju, hiyo ndiyo yenye baraka." Nilitia mkono kwenye ndoo. Nakumbuka hadi leo vidole vilivyokuta: vikaratasi laini, vimekunjwa mara moja, vinapishana kama majani makavu. Halafu chini kabisa, kimoja kidogo, kimekunjwa mara nyingi mpaka kimekaza. Nikakitoa. Watu wakapiga makofi, wakanibeba juu. Baiskeli ikaenda kwa kijana aliyekuwa akiishi nyumbani kwa mzee yule yule. Mimi nilidhani nimeleta baraka. Nilikuwa nimeshafika sekondari nilipounganisha ile kokwa na ule mkunjo, na nilikaa muda mrefu siwezi kumtazama machoni mama wa vitumbua.

Ndiyo maana hoja ya "watu wote wale wasingeweza kutunza siri" hainiingii. Pale kwenye ndoo siri ilikuwa ya mtu mmoja, labda wawili. Mchomoaji hakujua, mshereheshaji hakujua, waliopiga makofi hawakujua. Novemba 2006 huko London, kipindi cha watoto cha BBC, Blue Peter, kilipata hitilafu ya simu wakati wa shindano. Mtoto aliyekuwa ametembelea studio akaombwa ajifanye mpigaji aliyeshinda. BBC ilipigwa faini ya pauni 50,000 mwaka uliofuata. Niliposoma habari ile niliutazama mkono wangu.

Mwaka huo huo wa 2007 zilifumuka Uingereza habari nyingi za mashindano ya simu. Kituo cha GMTV kilitozwa pauni milioni 2, kwa kuwa washindi walikuwa wakichaguliwa kabla laini hazijafungwa. Aliyepiga dakika za mwisho alilipia simu isiyokuwa na nafasi yoyote. Kwa sisi tunaotuma meseji kila jioni, hapa ndipo pa kukaa macho zaidi kuliko kwenye kiti cha milioni. Chukulia meseji moja inakatwa shilingi 300 na wametuma watu 100,000: ni shilingi milioni 30, kabla zawadi haijanunuliwa. Anayepunjwa hapo si mshiriki mwenzako kwenye skrini, ni wewe na vocha yako.

Kinga zipo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaweka michezo hii chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ndiyo sababu kwenye droo za promosheni huwa unamwona ofisa wa Bodi amesimama pembeni. Vipindi vikubwa vya nje huwatenga washiriki na mtu yeyote anayeyajua maswali, hadi msalani wanasindikizwa. Hayo yana maana kubwa. Lakini mlinzi naye ni mtu: Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kompyuta kwenye chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, alichomeka maelekezo yake ndani ya programu ya kuchagua namba, na katika siku fulani za mwaka aliweza kukisia zitakazotoka. Alikiri kosa mwaka 2017.

Kwa hiyo mimi sisemi kila mshindi kabebwa. Wengi wamesoma, wamekariri, wamebahatika, na kuwavunjia heshima bila ushahidi ni dhuluma pia. Van Doren alipovuliwa nguo, kila aliyewahi kushinda kwa haki alichafuliwa naye. Ninachotazama ni mambo machache ya kushikika. Je, masharti ya shindano yanasomeka mahali, au yanapita chini ya skrini kwa kasi? Laini zinafungwa saa ngapi, na mshindi anatafutwa kabla au baada? Majina ya walioshinda miezi iliyopita yanajulikana? Na mtaani kwetu, nikiombwa kusimamia droo ya msikiti au ya shule, naomba karatasi zikatwe mbele ya watu, zikunjwe na wanunuzi wenyewe mara moja tu, na ndoo itikiswe na mtu ambaye hakuuza tikiti.

Juzi nilimsimulia shangazi habari ya ndoo kwa mara ya kwanza. Alinitazama akaniuliza, "Na wewe ulikuwa hujui?" Nikamwambia, "Wallahi sikujua, shangazi." Akanyamaza. Kwenye runinga mshiriki mmoja alikuwa amepatia, anaguseguse paji la uso kwa leso. Nikasubiri neno lake la siku zote. Akasogeza kiti karibu na skrini.

"Mwanangu," akasema, "hayo maswali analala nayo nani?"