Msukosuko wa hewa na utabiri: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1881, hutajwa sana kwa jambo moja tu: utabiri wa hali ya hewa alioukokotoa kwa mkono na ukamwendea kombo. Ukimkumbuka kwa hilo peke yake unampunja. Dhana nyingi tulizo nazo leo kuhusu upepo, mvua na ndege zinazotikisika, jibu lake limo kwenye kazi ya mtu huyu.

Dhana: Utabiri wa kimahesabu uliletwa na kompyuta.

Richardson aliuanza kwa kalamu na karatasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yake ya Kiquaker, dhehebu la Kikristo linalopinga vita, akaenda Ufaransa kuendesha gari la kubebea majeruhi. Huko, ofisi yake ikiwa ni rundo la nyasi kavu kwenye kambi yenye baridi, alitumia karibu wiki sita kuandaa fomu za hesabu na kukokotoa mabadiliko ya hewa juu ya Ulaya ya kati kwa muda wa saa 6 za siku ya tarehe 20 Mei 1910, siku ambayo vipimo vyake vilikwisha kukusanywa. Katika mapigano ya mwaka 1917 mswada wa kitabu chake kuhusu kazi hiyo ulipelekwa nyuma ya mstari wa vita ukapotea, na miezi kadhaa baadaye ukaokotwa Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Kitabu kilitoka mwaka 1922. Kompyuta ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilitoa utabiri wake wa kwanza mwaka 1950, na utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 hizohizo kukokotolewa.

Dhana: Alikosea kwa kuwa milinganyo yake ilikuwa mibovu.

Hesabu zake zilisema mgandamizo wa hewa ungepanda hektopaskali 145 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo) ndani ya saa 6. Hilo haliwezekani, siku ile mgandamizo haukusogea sana. Lakini milinganyo ilikuwa ile ile ya fizikia inayotumika hadi leo. Kasoro ilikuwa kwenye vipimo vya kuanzia: upepo na mgandamizo havikuoana vizuri, na tofauti ndogo baina yao ikazaa mawimbi makubwa ambayo hayakuwepo angani. Miaka mingi baadaye mwanahisabati Peter Lynch alirudia kazi ileile, akalainisha kwanza vipimo hivyo, na badiliko likawa chini ya hektopaskali 1. Mimi naona hapo Richardson alitetewa kikamilifu. Naye hakuficha kosa: alilichapisha lote, tarakimu kwa tarakimu, na ndiyo maana waliokuja nyuma waliweza kulifuatilia.

Dhana: Ndege ikishuka ghafla imeingia kwenye shimo la hewa.

Angani hakuna mashimo. Hewa ipo tele, ila inakwenda kwa kasi tofauti kwa matabaka, kama mto unavyokwenda polepole ukingoni na kwa nguvu katikati. Matabaka yakisuguana, mizunguko huzaliwa. Richardson alitafuta uwiano: upande mmoja uwekwe uthabiti wa matabaka, unaotuliza hewa, na upande wa pili tofauti ya kasi ya upepo, inayoivuruga. Uwiano huo ukishuka chini ya robo, tabaka tulivu laweza kuvunjika likawa msukosuko. Namba hiyo ina jina lake, na hadi leo husaidia kuwaonya marubani kuhusu msukosuko usio na wingu. Kwa hiyo funga mkanda hata kama nje ya dirisha kunang'aa.

Dhana: Mizunguko midogo ni ya kupuuzwa.

Mwaka 1948, Richardson na mtaalamu wa bahari Henry Stommel walitupa vipande vya mzizi mweupe wa jamii ya karoti baharini huko Scotland, wakapima jinsi kila viwili vinavyoachana. Kadiri vilivyokuwa mbali, ndivyo vilivyozidi kuachana upesi, kwa sababu mizunguko mikubwa zaidi nayo iliingia kazini. Richardson alikwisha kuona jambo hilo hilo hewani mwaka 1926.

Kompyuta huigawa anga katika visanduku, na kwa mifumo ya dunia nzima upande mmoja wa kisanduku huwa kama kilomita 10. Mizunguko iliyo ndani ya kisanduku haionekani, ila kazi yake ya kusambaza joto na unyevu lazima ihesabiwe. Mtaalamu wa hali ya hewa Joseph Smagorinsky alitoa kanuni ya kuikadiria mwaka 1963, na mwenzake wa fani hiyo James Deardorff akaitumia kuiga msukosuko kwenye kompyuta kwa nukta 6,720 tu za kukokotolea, kazi aliyoichapisha mwaka 1970.

Dhana: Kompyuta ikiwa na nguvu ya kutosha, tutajua mvua ya siku fulani miezi kabla.

Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha kwamba kosa kwenye mizunguko midogo hukua haraka na kupanda hadi mikubwa. Kwa hali ya hewa ya siku moja moja, ukomo uko karibu na wiki mbili. Ndiyo sababu vituo hukokotoa utabiri mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliotofautishwa kidogo, kisha huhesabu ni mara ngapi mvua imetokea.

Kwenye Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wake. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana juu ya maji, na wingu la radi hujengeka kwa muda mfupi, likiwa na upana wa kilomita chache tu. Mfumo wenye visanduku vikubwa hauwezi kuliona wingu hilo, na ndilo linalomkuta mvuvi wa dagaa akiwa na karabai yake mbali na ufuko.