"Kuhema ni kawaida ya mimba": maswali ninayoulizwa kliniki kuhusu korona na ujauzito

Mimi ni muuguzi mkunga. Asubuhi niko meza ya kliniki ya wajawazito, zamu ikiniangukia usiku niko wodi ya wazazi. Maswali haya nayasikia mezani. Majibu yake, kwa bahati mbaya, nayaona wodini. Mengine nimeyajibu kwa neno moja kwa sababu yanatosha neno moja.

Kwani korona bado ipo?

Ipo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Kilichokwisha ni dharura, virusi vyenyewe havikuhama. Vinapita kwa mawimbi, mtaa mzima unakohoa wiki mbili, tunaviita mafua na maisha yanaendelea. Kijana mwenye afya anapona bila hata kujua alikuwa na nini. Mjamzito ndiye ninayemhofia, hasa mwenye presha, kisukari, unene uliozidi, au ambaye hajawahi kuchanjwa.

Dalili zake?

Homa, kikohozi, koo kuwasha, mwili kuuma, kichwa, uchovu. Wengine wanaharisha, wengine wanapoteza harufu.

Mjamzito anaambukizwa upesi kuliko watu wengine?

Hapana, anaambukizwa kama wewe na mimi. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Tumbo likikua linayasukuma mapafu kwa chini, huku mwili unadai oksijeni ya watu wawili. Kinga yake inafanya kazi tofauti, na damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Mtu wa namna hiyo akipata ugonjwa wa mapafu hana akiba. Ndiyo maana wajawazito wenye korona huhitaji oksijeni na chumba cha uangalizi maalumu mara nyingi kuliko wanawake wa umri wao wasio na mimba.

Mama mkwe anasema kuhema ni kawaida ya mimba. Si kweli?

Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotuumiza.

Kuhema kwa mimba huja polepole, mwezi baada ya mwezi. Unahema ukipanda ngazi, ukikaa kunatulia. Huna homa, huna kikohozi, na unaongea bila kukatika. Kuhema kwa ugonjwa huja ndani ya siku chache, na hakuondoki hata ukiwa umekaa kwenye kiti umenyamaza.

Kipimo cha nyumbani: mwambie mgonjwa awataje watoto wote wa ndugu zake, mmoja baada ya mwingine. Akifika jina la tatu akasimama kuvuta hewa, hiyo si mimba. Hesabu pia anavyopumua kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Wengi wanapumua mara 12 hadi 20. Ikifika 30, usimalizie hata chai yako, mlete.

Nilimpokea mama mmoja jioni, mimba ya wiki 32, ameshushwa kwenye bajaji na wifi yake. Nilimuuliza jina akanipa la kwanza, akapumua, ndipo akanipa la pili. Nilimbana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 84. Kwa mjamzito, chini ya 95 tunaanza kuhangaika. Alikuwa anahema kwa siku nne. Siku nne! Kwenye mkoba wa wifi kulikuwa na majani ya mwarobaini na mchaichai yamefungwa vizuri kwenye gazeti, kwa ajili ya nyungu ya usiku. Ngozi ya mapaja ya mgonjwa ilikuwa imebabuka kwa nyungu zilizotangulia. Kadi ya kliniki ilikuwa imesahaulika nyumbani.

Tulimwekea oksijeni, gari likamkimbiza hospitali ya rufaa. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa njiti, akakaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wiki nyingi mpaka uzito ukaongezeka. Walikuwa na bahati, na mimi sipendi kufanya kazi kwa bahati.

Basi nijifukize kwanza siku mbili, nikiona haipungui ndiyo nije?

Hapana.

Hata nyungu ya mchaichai tu, haina kemikali?

Hapana. Sigombani na mchaichai, hata mimi nauweka kwenye chai. Nagombana na zile siku mbili. Mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu. Unachofanya ni kumkalisha mwenye homa chini ya blanketi, joto juu ya joto, anatoka jasho, maji yanamwishia, akisimama anaona kizunguzungu. Sufuria ya maji yanayochemka ikiwa katikati ya miguu ya mtu mwenye tumbo kubwa na kizunguzungu, sihitaji kueleza zaidi. Na katika miezi mitatu ya mwanzo, mwili kupanda joto sana si salama kwa mtoto anayeumbika.

Lakini nikijifukiza napata nafuu.

Pua inafunguka, ndiyo nafuu yenyewe. Mapafu hayajapona. Ugonjwa huu una tabia ya kukupumzisha kidogo, halafu kuzidi kuanzia siku ya tano hadi ya kumi tangu dalili zianze. Wengine oksijeni inashuka na bado wanaongea, wanacheka, wanajibu simu. Kidude cha kidoleni ndicho kinachowaumbua. Kwa hiyo jibu langu ni lile lile: unakohoa, una homa, na pumzi imebadilika, njoo leo. Si kesho baada ya nyungu.

Homa ya mjamzito si malaria tu?

Inaweza kuwa malaria, na malaria kwenye mimba si ya kuchezea. Inaweza kuwa mkojo mchafu. Inaweza kuwa korona, na inaweza kuwa viwili kwa pamoja. Kuna njia moja ya kujua: kupimwa. Kununua mseto dukani na kuumeza siku tatu ukisubiri homa ishuke ni nyungu nyingine, tofauti yake ina risiti. Kipimo cha malaria ni tone la damu kidoleni na dakika chache za kungoja. Kikitoka hakuna malaria, usiseme "mashine mbovu". Tuache tutafute kingine.

Mtoto tumboni anaweza kuambukizwa?

Mara chache sana. Shida yake kubwa haipitii huko. Mtoto anakula na kupumua kupitia kondo la nyuma. Oksijeni ya mama ikishuka, yake inashuka. Kwa baadhi ya akina mama virusi huliharibu kondo lenyewe, likashindwa kazi. Matokeo ninayoyaogopa ni uchungu kuja kabla ya wakati, presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na mtoto kufia tumboni.

Hilo la mwisho lilihesabiwa Marekani kwa wanawake zaidi ya milioni 1.2 waliojifungulia hospitalini kati ya Machi 2020 na Septemba 2021. Waliokuwa na korona wakati wa kujifungua, watoto waliozaliwa wafu walikuwa 1.26 kwa kila 100. Wasiokuwa nayo, 0.64. Kwa hiyo wengi sana walibeba watoto wao hai, tusitishane. Lakini hatari ilikuwa kama maradufu, na ilipanda zaidi wakati wa kirusi cha Delta. Virusi vya siku hizi kwa kawaida ni vyepesi kuliko Delta. Hiyo haikupi ruhusa ya kukaa siku nne.

Ukiwa umevuka wiki 28, msikilize mtoto wako kila siku. Unajua anavyocheza. Akipunguza, usinywe soda ya baridi ukisubiri ashtuke. Njoo tumsikilize.

Ninywe dawa gani nyumbani?

Ugonjwa ukiwa mwepesi: paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, maji mengi, kupumzika kwa ubavu, wa kushoto ukiweza. Usilale chali, tumbo linakandamiza mishipa mikubwa. Vidonge vyako vya kuongeza damu endelea navyo, na vya presha kama ulipewa.

Diclofenac na ibuprofen acha. Najua duka la mtaani linakupa diclofenac hata kwa kichwa, lakini kwenye mimba iliyokomaa dawa hizi zinaweza kuumiza figo za mtoto na kuufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Antibayotiki haziui virusi. Na sindano ile ya deksamethasoni mliyoisikia wakati wa korona ni ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, au ya kukomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuzaliwa mapema. Inachomwa wodini kwa maelekezo. Si ya kununua.

Nikikutwa na korona lazima nipasuliwe?

Hapana. Korona peke yake si sababu ya upasuaji.

Nitanyonyesha?

Ndiyo. Vaa barakoa, nawa mikono kwa sabuni, mnyonyeshe. Maziwa hayampi korona, yanampa kinga. Ukizidiwa, kamua apewe kwa kikombe. Mabibi, nawaomba kwa heshima zote: mama akiugua, msimpe mtoto wa siku mbili maji ya sukari wala uji mwepesi "kumshikizia". Mnamshikizia kuhara.

Chanjo inazuia kizazi, au inaharibu mimba?

Haizuii kizazi. Haiharibu mimba. Wanawake wengi sana duniani wamechanjwa wakiwa wajawazito, wamefuatiliwa, na hatari hizo hazikuonekana. Tanzania tulianza kuchanja Julai 2021, na tangu hapo nimewazalisha waliochanjwa, wakarudi tena kliniki na mimba nyingine. Uliza kituoni kwako kama ipo.

Dalili gani nizione niache kila kitu nije?

Kukosa pumzi ukiwa umekaa. Kifua kuuma au kubana. Midomo au kucha kubadilika rangi. Kuchanganyikiwa, au usingizi usioamshika vizuri. Homa isiyoshuka. Mtoto kupunguza kucheza. Damu, au maji kutoka ukeni. Kichwa kikali na macho kuona vimulimuli. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kwa maana damu inaweza kuwa imeganda. Moja tu inatosha, usisubiri zipatane.

Mume wangu amesafiri, nimsubiri aruhusu?

Mpigie ukiwa njiani.

Ikinikuta usiku, nisubiri kliniki ifunguliwe asubuhi?

Kliniki inafungwa, wodi ya wazazi haifungwi. Njoo usiku huo huo, ukae wima kwenye chombo, usilazwe kiti cha nyuma. Chukua kadi. Vaa barakoa kama unayo. Mlinzi akikuuliza kama ni uchungu, usimweleze habari ndefu, huna pumzi za kupoteza. Mwambie "sipumui vizuri", atakufungulia.