Uzalendo: neno la kuzaliwa, si neno la kutii

Hapa Nairobi, neno uzalendo hulisikii sana penye bendera. Unalisikia zaidi kwenye foleni ya matatu na vibarazani. Mtu amemsikiliza jirani akimtukana kwa saa nzima bila kujibu, mwisho akafungua mdomo, akikusimulia atasema, "Nilivumilia, lakini uzalendo ukanishinda." Mwingine ameketi karibu na sufuria ya pilau, ameambiwa angoje wageni wafike, harufu ikamzidi nguvu, akapakua. Naye uzalendo ulimshinda.

Katika msemo huo uzalendo ni uwezo wa kujizuia, na kushindwa nao ni kufika mwisho wa subira. Watu huusema wakicheka, Mombasa, Dar es Salaam na hapa kwetu. Mimi hunisumbua kidogo. Neno lililokusudiwa kutaja mapenzi ya mtu kwa nchi yake limefika mitaani likiwa na maana ya kustahimili na kunyamaza. Nadhani tumelisikia mno vinywani mwa watu waliotaka tunyamaze.

Tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni ule wa zaa, uliotupa mzazi, mzaliwa, mzalia na uzao. Mzalendo kwa asili ni mtu aliyezaliwa mahali, mwenyeji wa pale. Maana ya pili, ya mtu anayeipenda nchi yake kiasi cha kuwa tayari kuitetea, imesimama juu ya hiyo ya kwanza. Neno mwananchi nalo ni mwana wa nchi. Sasa liweke kando ya neno raia, ambalo tulilipata kwa Waarabu: huko lilikotoka, asili yake ni kundi linalochungwa, yaani watu walio chini ya mtawala. Ni mtu yuleyule mwenye kitambulisho kilekile, lakini neno moja linamwona kama mtoto wa nyumba na jingine linamwona kama kondoo.

Mtoto wa nyumba hutumwa dukani, huosha vyombo, hufokewa. Pia ndiye mwenye ruhusa ya kuuliza unga umeenda wapi. Mgeni hata akiona sahani tupu hunyamaza kwa adabu. Ukitaka kuuelewa uzalendo katika Kiswahili, anzia hapo: ni uhusiano wa mtu na kwao, wenye kazi ndani yake na wenye haki ya kuuliza ndani yake. Ndiyo maana Wakenya walipobuni neno wenyenchi, kwa wale wachache wanaokula nchi kana kwamba waliinunua, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kuna wananchi na kuna wenyenchi, na kila abiria wa matatu anajua yeye ni yupi.

Lakini kuzaliwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mzalendo. Mfano ninaoupenda uko Kaloleni, upande wa mashariki wa jiji hili. Mnamo Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai waziwazi kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, wakati ambapo kulitamka jambo hilo kulikuwa hatari. Singh alizaliwa Punjab, akaletwa Nairobi akiwa mvulana. Alikuwa mwana wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi uliofuata alikamatwa, na Waingereza wakamweka kizuizini hadi mwaka 1961. Kwa maana ya kwanza ya neno, Singh si mzalendo wa Kenya, maana kitovu chake hakikuzikwa hapa. Kwa maana ya pili, sijui ni nani angemtangulia. Mwenzake Pio Gama Pinto, mtu wa asili ya Goa, India, aliyezaliwa Nairobi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands mnamo Februari 24, 1965, nchi ikiwa huru kwa miezi kumi na minne tu. Wote wawili, hadi leo, wako watu ambao wangewauliza, "Lakini kwenu hasa ni wapi?"

Nitalirudia swali hilo. Kwanza tutenganishe uzalendo na jambo linalochanganywa nao kuliko yote, yaani utiifu kwa serikali.

Historia yetu imeyatenganisha mambo hayo mawili kwa namna ya kuumiza. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliotaka kupiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1957 walitakiwa kuwa na hati ya utiifu. Aliyepewa hati hiyo ni yule aliyethibitika kuwa upande wa serikali, na serikali ilikuwa ya mkoloni. Aliyekuwa msituni akipigania ardhi aliitwa mhalifu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji hao wa msituni, alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957, na kaburi lake halikuonyeshwa kwa familia. Marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa na Waingereza, wala haikuondolewa mwaka 1963 bendera ilipopandishwa. Iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, mwaka 2007, miaka hamsini baada ya kunyongwa. Ukipita pale, kumbuka kwamba kwa miaka arobaini ya uhuru mzalendo huyo alikuwa bado mwanachama wa kundi haramu kisheria.

Waliosoma shule ya msingi enzi za Rais Moi watakumbuka kiapo cha gwaride la asubuhi. Kilianza kwa kuahidi utiifu kwa Rais na kwa taifa la Kenya, Rais akitangulia, taifa likifuata. Mtoto wa miaka saba hakioni kitu katika mpangilio huo wa maneno. Lakini akikisema kila wiki kwa miaka minane, kinamkaa. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba kuipenda Kenya na kumpenda aliye Ikulu ni kitu kimoja, na kwamba anayemkosoa aliye Ikulu ni adui wa Kenya. Mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga mwaka 1989 mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli na kumtusi. Mnara haukujengwa. Leo watoto wanacheza kwenye nyasi zile, na ukiniuliza nani alikuwa mzalendo kati ya waliomtusi na yeye, nitakupeleka ukakae pale chini ya mti uone mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kulirudisha neno mahali pake. Kifungu cha 10 kinaorodhesha maadili ya kitaifa, na neno la kwanza kabisa katika orodha hiyo ni uzalendo, likifuatwa na umoja wa kitaifa, ugatuzi, utawala wa sheria, demokrasia na ushiriki wa wananchi. Wengi hawaulizi kifungu hicho kinamfunga nani. Kinavifunga vyombo vyote vya dola, maafisa wa serikali, watumishi wa umma, na kila mtu, wanapotumia au kufasiri Katiba, wanapotunga sheria au kutekeleza sera. Kwa hiyo afisa anayetia sahihi zabuni hewa anauvunja uzalendo kwa maana ya kisheria kabisa. Mama anayeuza mboga soko la Gikomba naye ana wajibu wake, kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu na kuilinda Katiba. Angalia lakini kinachotakiwa kulindwa. Ni Katiba, wala si mtu.

Wimbo wa taifa nao haumtaji kiongozi yeyote. Unaomba haki iwe ngao na mlinzi. Na muziki wake, kwa wasiojua, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama huuimba akimbembeleza mtoto. Sijui nchi nyingine ambayo watu wazima husimama wima, mikono ubavuni, kuimba kitu kilichotungwa ili mtoto apate usingizi, na kila nikilikumbuka hilo hulipenda zaidi.

Je, Mnairobi anauhisi uzalendo? Hapo ndipo lile swali la "kwenu ni wapi" linarudi. Mwambie mtu wa jiji hili kwamba kwenu ni Umoja au Kawangware, atakuangalia kama umekwepa. "Hapana, kwenu kwenu. Ushago," yaani kijijini kwa wazee. Mtu amezaliwa hospitali ya Pumwani, amesoma Buruburu, ameoa na kuzaa hapa, na bado akifa maiti itasafirishwa usiku kucha hadi shamba ambako alikuwa akienda Krismasi tu. Nairobi ni mji ambao karibu kila mtu anaishi na karibu hakuna anayekubali kuwa ni kwao.

Kuna wanaosema huo ni ukabila na kwamba ukabila ndio unaokula uzalendo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kupenda shamba la babu, lugha ya bibi na mlima ulioamka ukiuona ni kupenda sehemu ya Kenya, na hakuna anayeweza kupenda nchi nzima bila kuanzia kwenye kipande. Ubaya huanza pale kipande kinapotaka vipande vingine viondoke. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 tulijua tofauti hiyo: zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi, na katika vitongoji kama Kibera na Mathare swali la "kwenu ni wapi" liliulizwa na watu walioshika panga. Tangu hapo, mimi silisikii swali hilo kwa wepesi, hata likiulizwa na mtu mwema anayetafuta tu mazungumzo.

Jiji hilohilo lina siku nyingine. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, karibu wote Wakenya. Wapita njia walichimbua vifusi kwa mikono, matatu zikageuka ambulensi, na foleni za kutoa damu zikawa ndefu. Damu haina ushago. Waliofanya hayo hawakuwa wameitwa na kiongozi wala hawakuliita jambo hilo uzalendo. Ndiyo sababu nasema Mnairobi anauhisi, ila haushiki mdomoni.

Mwaka 2024 aliushika hadi mkononi. Vijana walipoingia barabarani mwezi Juni kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru, walibeba simu, maji na bendera, na waliimba wimbo wa taifa. Bendera ilikuwa kitu cha sikukuu za Madaraka na Jamhuri, kitu cha jukwaa la wakubwa. Sasa ilifungwa mabegani kama leso. Juni 25 Bunge lilivamiwa na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi mswada. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia Julai 1. Wakubwa waliwaambia vijana hao kwamba mzalendo hachomi nchi yake. Wao walijibu kwamba mzalendo haibi nchi yake. Mali ya watu iliharibiwa siku zile, na aliyevunja duka la mwenzake hakufanya uzalendo wowote. Lakini mzozo ule ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mzozo wa maana ya neno moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwasikia vijana wa miaka ishirini wakiligombania neno hilo kana kwamba ni mali yao.

Ushuru unaingia hapahapa. Mamlaka ya ushuru ina kaulimbiu ya "Tulipe Ushuru, Tujitegemee", na ni maneno ya kweli: nchi isiyojilipia huombewa na wengine na huamuliwa na wengine. Anayelipa anaijenga. Anayelipa halafu akaulizia risiti ya kilichojengwa anaijenga mara mbili.

Wanaoondoka je? Vijana wanaotafuta kazi Ghuba na Ujerumani huambiwa wameikimbia nchi. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, pesa za karo, za mabati na za dawa za wazazi. Sioni aliyekimbia hapo. Kesi ngumu ni ya mtu kama Stephen Cherono, mzaliwa wa Bonde la Ufa, ambaye mwaka 2003 alichukua uraia wa Qatar na jina la Saif Saaeed Shaheen. Siku chache baadaye, Paris, alishinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akimpita Mkenya Ezekiel Kemboi, katika mbio ambazo Kenya ilikuwa imeshinda kila ubingwa wa dunia tangu 1991. Watu walikasirika sana. Wengine wakauliza angekula nini miguu ikizeeka. Uraia wake ulibadilika kwa karatasi, na kwa hilo neno raia halina shida. Shida iko kwenye mzalendo, kwa sababu mahali alipozaliwa hapakubadilika, na maana ile ya pili ndiyo ambayo watu walibishania, na nikiwasikia vibarazani bado wanaibishania.