Kope zinazowasha na kuvimba kila mara: anza na kitambaa cha moto kabla ya matone

Mama mmoja wa Bombo hapa Uganda, muuza kabalagala, yaani vile vibanzi vya kukaanga vya ndizi na unga wa muhogo, alikuja kliniki na mfuko wa plastiki akaumwaga mezani: chupa sita za matone ya macho, mbili zimetoka lebo. "Daktari, kila moja imenisaidia wiki moja, halafu macho yanarudi vilevile." Asubuhi huamka kope zimeshikana kwa tongotongo, na kutwa nzima huhisi kama ana mchanga machoni. Nilipomtazama kwa mashine, kingo za kope zilikuwa nyekundu na nene, na kwenye mizizi ya nywele za kope kulikuwa na magamba kama mba.

Ugonjwa wake tunauita blefaritisi, yaani uvimbe sugu wa kingo za kope. Tangu mlipuko wa macho mekundu wa mwaka 2024, mtu mwenye jicho jekundu akipanda teksi, jirani yake husogea. Kwa huyu mama hakuna haja ya kusogea. Macho mekundu ya virusi huambukiza kwa kasi, na kwa kawaida hupoa katika wiki mbili tatu. Blefaritisi si ugonjwa wa kuambukizana namna hiyo, ila humkalia mtu miaka. Hilo la miaka ndilo gumu kumweleza mgonjwa, maana amekuja kutafuta dawa ya kumaliza kabisa, nami ninayo ya kutuliza tu.

Ndani ya kope zetu, ya juu na ya chini, kuna safu ya vitezi vidogo vinavyotoa mafuta. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alivieleza mwaka 1666, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Mafuta hayo hutandaza utando mwembamba juu ya machozi ili yasikauke upesi. Vitezi vikiziba, mafuta huganda mle ndani, machozi hukauka, jicho linawasha na kuchoma. Kwa wengine shida iko zaidi kwenye mizizi ya nywele: bakteria wa ngozini wamezidi, au mgonjwa ana mba ya kichwa, au utitiri aitwaye Demodeksi amejificha kwenye vinyweleo. Mara nyingi mtu mmoja ana yote kwa pamoja.

Fikiria samli iliyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi kule Kabale. Hakuna anayeichokoa kwa kijiti. Chupa huwekwa kwenye maji ya moto, samli ikalainika na kumiminika. Kope ni vivyo hivyo. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kamua, kijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono karibu na kiganja, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Kikipoa, chovya tena. Dakika 5 hadi 10. Wengi hukiweka dakika moja kisha wanasema hakifanyi kazi. Baada ya hapo kanda kope kwa ncha ya kidole bila kubonyeza jicho lenyewe: ya juu ukishuka kuelekea nywele, ya chini ukipanda.

Ndipo usafishe. Weka matone machache ya shampuu ya watoto kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo, chovya pamba, ufute kwenye mstari wa nywele za kope, jicho likiwa limefumbwa. Kila jicho na pamba yake. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki nne za mwanzo, halafu mara moja kwa siku, kama unavyopiga mswaki. Ukiacha kwa sababu umepata nafuu, baada ya muda tongotongo litarudi.

Dawa za hospitali zipo na zina nafasi yake. Marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1 hupakwa kwenye ukingo wa kope baada ya kusafisha, kwa muda atakaoupanga tabibu. Machozi ya bandia hutuliza ukavu. Vitezi vikigoma kabisa, daktari anaweza kuandika vidonge vya doksisaiklini, lakini mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe.

Kinachonitia hofu ni zile chupa za duka la dawa zenye antibiotiki iliyochanganywa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kuzima uvimbe. Wekundu hutoweka kwa siku mbili na mgonjwa hufurahi. Akiendelea miezi bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda na kuua mshipa wa kuona, au mtoto wa jicho akaingia mapema. Katika zile chupa sita, nne zilikuwa za namna hiyo. Maji ya majani na maziwa ya mama ndani ya jicho pia tuyaache, yanaingiza vijidudu.

Si kila kope nyekundu ni blefaritisi. Karamoja na Busoga zinaujua vizuri ugonjwa wa vikope, unaogeuza nywele za kope zikakwaruza jicho. Hilo halingoji kitambaa. Maumivu makali, kuona ukungu, kushindwa kutazama mwanga au doa jeupe kwenye kioo cha jicho ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Chokea inayorudi palepale kwa mtu mzima, nywele za kope kunyonyoka upande mmoja, au kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, hasa kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, vichunguzwe mapema kwa sababu saratani huanza hivyo. Anza na tabibu wa macho wa hospitali ya wilaya yako. Naye atakupeleka mbele ikibidi.

Yule mama alirudi baada ya wiki sita. Sigiri ameisogeza upande upepo unakopeleka moshi, macho yamepungua wekundu, na kitambaa chake hakuna mwingine nyumbani anayekigusa. Swali lake lilikuwa moja: Idd imekaribia, je, wanja? Nikamwambia apake nje ya mstari wa nywele, aufute usiku uleule, na kijiti asigawane na binti yake. Akacheka. "Hicho cha binti yangu, daktari, ndicho kizuri."