Kupatana bei ya gari jipya linalogombewa: ushauri kwa familia zinazonunua gari Marekani

Familia kubwa zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa zile zilizotoka Kongo na Burundi na kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, hufika katika ofisi yetu ya ushauri wa fedha zikiwa na swali linalofanana: gari la watu wanane lisilokula mafuta mengi litapatikana wapi, na kwa bei gani. Mara nyingi gari linalotajwa ni Toyota Sienna, ambalo hutengenezwa katika mji wa Princeton, jimbo la Indiana, na ambalo tangu toleo la mwaka 2021 huuzwa likiwa la mseto wa petroli na umeme peke yake. Wanaolitaka ni wengi, na si jambo geni gari kuwa limekwisha kupata mwenyewe kabla halijashushwa kwenye lori. Ninatumia gari hili kama mfano, lakini ninayoyaeleza yanahusu gari lolote jipya ambalo watu wanaligombea.

Wengi wetu tumekulia katika masoko ambako bei inazungumzika. Muuzaji anaanzia juu, mnunuzi anaanzia chini, wanavutana, na mwishowe wanakutana mahali fulani katikati. Anayebeba mazoea hayo hadi kwa wakala wa magari, ambaye wengi wetu tunamwita dila, hukuta hayamsaidii sana pale gari linapogombewa, kwa sababu muuzaji anajua kwamba ukiondoka wewe, kesho atakuja mwingine. Nguvu ya mnunuzi wa gari la namna hii huandaliwa nyumbani, kabla ya kukanyaga dukani: kuijua bei halisi, kuwa na mkopo uliokwisha kuidhinishwa kwingine, kuwa tayari kusafiri mbali, na kuwa tayari kusubiri. Mwenye haya manne hana haja ya ufundi wa maneno.

Tuanze na bei. Tangu mwaka 1958 sheria ya serikali kuu inataka kila gari jipya liwe na kibandiko dirishani kinachoonyesha bei elekezi ya kiwanda, yaani MSRP, pamoja na bei ya kila nyongeza iliyowekwa kiwandani na gharama ya kulisafirisha gari hadi kwa wakala. Kibandiko hicho huitwa kwa jina la Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, aliyeisukuma sheria hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kukiondoa kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi wa mwisho. Gharama ya usafirishaji hupangwa na kiwanda na haipunguzwi. Usipoteze muda wako hapo. Jumla iliyoandikwa chini ya kibandiko hicho ndiyo namba ya kuinakili kwenye daftari, na kila namba nyingine utakayotajiwa baadaye ipimwe kwayo.

Neno elekezi lina uzito wake. Kiwanda kinaelekeza bei, hakiamuru. Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, amelinunua gari kutoka kiwandani kwa bei ya ankara, yaani ile anayotozwa na kiwanda, na sheria za majimbo zinazowalinda mawakala hukiacha kiwanda na uwezo mdogo wa kuwapangia bei ya kuuzia. Ndiyo maana mwaka 2021, chipu za kompyuta zilipoadimika na viwanda vikashindwa kukamilisha magari, mawakala wengi walianza kuuza juu ya bei elekezi kwa maelfu ya dola. Mwaka 2022 kampuni za Ford na General Motors ziliwaonya mawakala wao hadharani kuhusu jambo hilo. Uhaba ule umepungua sana, lakini desturi yenyewe imebaki kwa magari yanayogombewa.

Je, bei ya haki ni ipi? Kwa gari linalokaa uwanjani miezi miwili bila mteja, ningekushauri upiganie bei iliyo karibu na ankara, na hata ukiipata bado wakala angebaki na faida, kwa kuwa viwanda vingi humrudishia asilimia ndogo ya bei baada ya mauzo. Kwa gari linalogombewa, msimamo wangu ni tofauti na wa baadhi ya washauri: kulipa bei elekezi kamili, bila kuongezewa kitu usichokitaka, ni bei ya haki. Wakala amepata faida yake na wewe hujaonewa. Ukipata punguzo chini ya hapo, shukuru. Jitihada yako yote ielekezwe kuzuia bei isipande juu ya namba ile ya kibandiko, maana huko ndiko fedha za familia zinakopotelea.

Inapandaje? Simama kando ya gari na utazame dirisha kwa makini. Pembeni ya kibandiko cha kiwanda mara nyingi pana kibandiko cha pili, chenye rangi na maandishi yanayofanana sana na ya kwanza, ambacho kimebandikwa na wakala mwenyewe. Humo utakuta mstari ulioandikwa Market Adjustment wenye kiasi cha dola 3,000 au 5,000, na hicho si kifaa wala huduma, ni nyongeza tupu inayotokana na uhaba. Chini yake hufuata dawa ya kulinda rangi, namba ya gari kuchorwa kwenye vioo, king'amuzi cha wizi, na naitrojeni kwenye matairi. Hewa ya kawaida tunayoivuta tayari ni naitrojeni kwa takriban asilimia 78, na wapo wanaoiuza kwa mamia ya dola. Kibandiko hiki cha pili hakina nguvu ya kisheria ya kile cha kwanza. Ni pendekezo la muuzaji, na unayo haki ya kulikataa, kama naye alivyo na haki ya kukataa kukuuzia. Akisema vitu hivyo vimekwisha kufungwa na haviwezi kuondolewa, jibu la heshima ni kwamba viendelee kubaki, ila wewe huvilipii.

Baada ya hapo yapo malipo ambayo hayaepukiki, yaani kodi ya mauzo ya jimbo pamoja na ada ya usajili na ya namba. Kodi hiyo kwa kawaida hufuata jimbo utakakolisajili gari, kwa hiyo kulinunua jimbo jirani hakukuondolei kodi ya kwenu. Tofauti na hayo ni ada ya nyaraka, ambayo wakala huitoza kwa kuandaa makaratasi. California imeiwekea kikomo cha dola 85, ilhali Florida haina kikomo na mara nyingi ada hiyo hukaribia dola 1,000. Wakala hukwambia kwamba ada hii ni ileile kwa kila mteja na hawezi kuifuta. Pengine ni kweli. Lakini anaweza kupunguza bei ya gari kwa kiasi hichohicho, na ndiyo sababu usibishane naye juu ya mstari mmoja mmoja.

Omba namba moja tu: bei ya mwisho, yenye kila kitu ndani yake, ambayo ukiilipa unawasha gari na kuondoka. Mawakala wanaiita out the door, na ukitumia maneno hayo watakuelewa mara moja. Iombe kwa maandishi, kwa barua pepe, kutoka kwa mawakala wanane au kumi walio ndani ya maili 300 hadi 500, na kila mmoja mwandikie meneja wa mauzo ujumbe mfupi wa aina hii: ninataka Sienna ya daraja hili na rangi hizi mbili, mkopo wangu umekwisha kuidhinishwa, niko tayari kusubiri mgao wenu ujao wa magari kutoka kiwandani, na ninaomba bei ya mwisho iliyochanganuliwa mstari kwa mstari. Wapo watakaokaa kimya. Wengine watakujibu kwa kukualika ufike dukani mzungumze, hao waache. Watakaokutumia karatasi yenye mistari yote ndio unaofanya nao biashara, na tofauti kati yao inaweza kukushangaza, kwa gari lilelile lenye kibandiko kilekile. Tiketi ya basi na tangi moja la mafuta ni gharama ndogo kulinganisha na nyongeza ya dola 4,000. Ushauri wa kungoja mwisho wa mwezi, ambao watu huurithishana sana, una maana kwa gari lililododa. Kwa hili hausaidii kitu.

Ukishaketi mezani, swali utakaloulizwa mapema ni hili: ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi? Usilijibu. Nitaeleza kwa namba, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi ninazozihudumia zilipoumia. Mkopo wa dola 42,000 kwa riba ya mwaka ya asilimia 6.9, ukilipwa kwa miezi 72, ni kama dola 714 kwa mwezi. Sasa muuzaji anaongeza dola 3,000 kwenye bei, mkopo unakuwa 45,000, kisha anarefusha muda hadi miezi 84 kwa riba ileile. Malipo ya mwezi yanashuka hadi kama dola 677. Mnunuzi anayetazama mwezi peke yake anaona amepunguziwa dola 37, anashukuru, anatia saini. Ukijumlisha malipo yote, wa kwanza atakuwa amelipa takriban dola 51,400 na wa pili dola 56,900. Gari ni lilelile, na dola 5,500 hivi zimekwenda bila mtu yeyote kusema uongo.

Kinga ya hilo ni kwenda ukiwa na idhini ya mkopo mkononi kutoka chama cha akiba na mikopo au benki yako. Wakala anapokutafutia mkopo, benki humpa kiwango cha riba, naye mara nyingi huruhusiwa kuongeza juu yake na kubaki na sehemu ya tofauti hiyo. Katika ule mkopo wa dola 42,000 wa miezi 72, kutoka asilimia 6.9 hadi 8.9 ni takriban dola 41 zaidi kila mwezi, karibu dola 2,950 kwa jumla. Wakala akikuonyesha riba iliyo chini ya ile uliyokuja nayo, ichukue bila wasiwasi, baada ya kuhakikisha kwamba bei ya gari haikusogea. Sheria ya mwaka 1974 inakataza mkopeshaji kumbagua mwombaji kwa rangi, dini au nchi aliyotoka, na si sheria ya kupamba ukuta: mwaka 2022 Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, ilifikia makubaliano ya dola milioni 10 na kundi moja la mawakala lililodaiwa kuwawekea wateja nyongeza wasizozikubali na kuwatoza wateja weusi zaidi ya wengine.

Lugha ni jambo ninalolitilia mkazo wa pekee. Sheria ya California humlazimu mfanyabiashara aliyejadiliana na mteja kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea ampe tafsiri ya mkataba kabla ya kutia saini. Kiswahili hakimo. Hivyo familia zetu huchukua mtoto wa miaka 13 au 14 akatafsiri, na ninaomba kwa moyo wote tuiache desturi hii. Mtoto anajua Kiingereza cha shuleni, hajui tofauti ya riba na ada, na anaona haya kumwambia mtu mzima kwamba hakuelewa. Zaidi ya hapo, mkopo ukija kuwa mzigo, yeye hubeba moyoni hatia isiyo yake. Mwombe mtu mzima wa jumuiya au wa kanisani ama msikitini aliyewahi kununua gari, au omba nakala ya makaratasi siku moja kabla yakasomwe nyumbani. Wakala mwenye nia njema hatakunyima.

Kuhusu kuweka nafasi kwenye orodha, toa kishika uchumba, lakini kiwe kidogo, kilipwe kwa kadi, na karatasi ieleze mambo mawili: kwamba kinarudishwa ukibadili nia, na kwamba bei ni ile mliyokubaliana gari litakapofika. Bila hilo la pili, umesubiri miezi mitatu ili utajiwe bei mpya. Na kama una gari la zamani la kutoa, lipatie bei kwingine kwanza, usiliingize mezani mpaka bei ya gari jipya imeandikwa, kwani namba mbili zikichanganywa ni rahisi ulichopewa huku kikachukuliwa kule.

Siku ya kutia saini utahamishiwa chumba kingine, kwa afisa wa fedha, ambaye atakuuzia dhamana ya ziada, yaani ahadi ya kulipiwa matengenezo, na bima iitwayo GAP, inayofidia pengo kati ya deni lako na thamani ya gari likiharibika kabisa au kuibwa. Bima hii inaweza kuwa na maana kwa aliyetoa malipo kidogo ya mwanzo, ila ulizia bei yake kwa kampuni yako ya bima kabla ya siku hiyo. Linganisha jumla ya mkataba na karatasi uliyotumiwa kwa barua pepe. Zikitofautiana hata kwa dola 200, weka kalamu chini mpaka paelezwe. Watu wengi wanaamini kwamba gari linaweza kurudishwa ndani ya siku 3. Kanuni ya FTC ya siku 3 inahusu mauzo yanayofanyika nyumbani kwako au mahali pa muda, haihusu gari ulilolinunua kwenye duka la wakala. Usiondoke na gari pia kabla ya kuthibitishiwa kwamba mkopo umekubaliwa kabisa, kwa sababu wapo wanaopigiwa simu baada ya wiki moja warudi kusaini riba iliyo kubwa zaidi.

Kwa aliyekwisha kusaini na sasa anagundua kwamba ndani ya mkopo mna dhamana au GAP asiyoihitaji, bado ana njia. Mikataba hiyo kwa kawaida huweza kufutwa na sehemu ya fedha ikarudishwa, hasa ukiwahi. Andika barua ya kufuta, taja namba ya mkataba, baki na nakala yenye tarehe, kisha baada ya wiki chache uangalie salio la mkopo wako, kwa kuwa fedha hizo mara nyingi hupelekwa kwa mkopeshaji, hazirudi mkononi mwako.