Ampea ya mwaka gani? Kubadili vizio vya zamani vya mkondo wa umeme

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na jedwali alilolinakili kutoka kitabu cha fizikia cha mwaka 1935. Mikondo yote imeandikwa kwa ampea, naye alitaka kujua kama anaweza kuzitumia namba zile kama zilivyo. Nikamjibu kwa swali ambalo bibi yangu angemuuliza mtu anayetaka kugeuza pishi kuwa kilo: pishi ya nini? Pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani mizanini. Ampea nayo ina ya nini na ya lini.

Jina la ampea lilipitishwa Paris mwaka 1881, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme. Kazi ngumu ilikuwa kuipata ampea yenyewe maabarani, tena iwe ileile Berlin na Washington. Mkutano wa London wa 1908 uliifunga kwenye fedha: ampea ya kimataifa ni mkondo usiobadilika ambao, ukipita katika mmumunyo wa nitrati ya fedha, huweka gramu 0.00111800 za fedha kila sekunde. Omu, kizio cha ukinzani wa umeme, ilifungwa kwenye safu ya zebaki yenye urefu wa sentimita 106.300 na tungamo la gramu 14.4521, kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Naipenda sana njia hii. Umeme usioonekana unageuka metali nyeupe unayoweza kuiweka kwenye mizani.

Tarehe 1 Januari 1948 vizio hivyo vya kimataifa viliachwa. Volti moja ya kimataifa ilihesabiwa kuwa volti 1.00034 mpya, na omu moja kuwa 1.00049. Mkondo ni volti kugawanywa kwa omu, kwa hiyo gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 0.99985. Kwa hiyo ampea 10 za mwaka 1935 ni ampea 9.9985 kwa vizio vilivyofuata. Ukisoma vipimo vya Marekani vya kipindi hicho, tumia 0.999835, kwa sababu volti na omu zilizotunzwa kule zilitofautiana kidogo na wastani wa kimataifa.

Sasa jaribu kuifuata fedha peke yake. Moli moja ya fedha (kipimo cha wingi wa atomi) ni gramu 107.868, na huhitaji kulombi 96,485 za chaji; kulombi ni chaji inayopitishwa na ampea moja kwa sekunde moja. Hiyo ni miligramu 1.11798 kwa kila kulombi. Gawanya 1.11800 kwa 1.11798: ampea ya fedha inakuwa 1.00002, kubwa kuliko ya leo, ilhali kigezo cha 1948 kinasema ni ndogo. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kigezo cha 0.99985 kilitokana na betri sanifu na vikinza vilivyokuwa vikitunzwa maabarani, na hivyo ndivyo vilivyotumika kupimia vifaa vya watu kila siku. Unapobadili namba ya zamani, fuata kifaa kilichoipima, hata kama maandishi ya mkataba yanataja fedha.

Kabla ya ampea kulikuwa na vizio vya watu binafsi. Mwanafizikia Jacobi alipima mkondo kwa gesi inayotoka maji yanapochanganuliwa: sentimita moja ya ujazo ya hidrojeni na oksijeni kwa dakika, katika nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida ya hewa. Ampea moja hutoa kama sentimita za ujazo 10.44, kwa hiyo kizio chake ni takriban ampea 0.096.

Penye hatari zaidi ni mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, maana ulikuwa na vizio viwili vya mkondo. Abampea, iliyotokana na nguvu ya sumaku, ni sawa na ampea 10. Statampea, iliyotokana na nguvu kati ya chaji zilizotulia, ni sehemu ndogo mno: abampea moja ina statampea 29,979,245,800. Itazame namba hiyo vizuri. Ni kasi ya mwanga kwa sentimita kwa sekunde. Wanafizikia Weber na Kohlrausch waliupima uwiano huo mwaka 1856 kwa kuhifadhi chaji kwenye chupa ya Leyden, kisha kuipitisha kwenye galvanomita, kifaa cha kupimia mkondo. Mwanafizikia Maxwell alipoona jibu lao linakaribia kasi ya mwanga, alipata hoja kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Kila nikifundisha kipande hiki nasimama kidogo.

Kwenye mfumo huu kuzidisha kwa 10 hakutoshi, kwa sababu kanuni nazo hubadilika. Kwa uga wa sumaku katikati ya duara la waya, vitabu vya zamani huandika 2πI/r, mkondo I ukiwa kwa abampea na nusukipenyo r kwa sentimita, jibu likiwa kwa gausi. Mkondo wa ampea 5 ni abampea 0.5; nusukipenyo kikiwa sentimita 10, unapata gausi 0.314, yaani mikrotesla 31.4 kwa vizio vya leo. Ukiingiza 5 moja kwa moja, umekosea mara kumi.

Mabadiliko ya 2019 ya mfumo wa kimataifa wa vizio, yaliyoifunga ampea kwenye chaji ya elektroni, yaliisogeza ampea ya maabara iliyotumika tangu 1990 kwa takriban sehemu 9 katika milioni mia moja.

Jedwali la mwanafunzi wangu lilikuwa na tarakimu tatu tu, kwa hiyo asilimia 0.015 haikugusa hata namba moja. Tuliziacha zote, tukaandika juu ya safu: ampea za kimataifa, 1935.