Kabla hujang'oa jino, uliza kama linazibika

Wagonjwa wengi wa meno hufika kliniki wakiwa wameshaamua: "Daktari, nitoe hili." Uamuzi huo ungesubiri uchunguzi, kwani maumivu yenyewe yanaeleza mengi. Jino linalochoma ukinywa maji baridi kisha likatulia mara moja, kwa kawaida linazibika, maana tundu halijafika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu na damu. Likiendelea kupwita muda mrefu, au likikuamsha usiku, kiini kimeathirika. Hapo ni kutibu mzizi (kusafisha ndani ya jino na kuziba) au kung'oa. Na lililouma wiki nzima kisha likanyamaza bila tiba halijapona. Huenda kiini kimekufa na usaha unajikusanya kwenye mzizi. Antibayotiki haizibi tundu, na aspirini inayobandikwa kwenye fizi huiunguza.

Uso ukivimba kuelekea jichoni au shingoni, au ukipata homa na kushindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Jino linalopotea kwa uzembe kuliko yote ni gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hudhani ni la utotoni, na likitoboka anasubiri ling'oke lenyewe. Hesabu kutoka katikati ya kinywa kwenda nyuma: la sita ndilo hilo, na liking'oka halioti lingine.

Magego ya utotoni nayo hushikilia nafasi za meno yatakayoota kati ya miaka 10 na 12. Yaking'olewa mapema, gego la nyuma husogea mbele na jino jipya likakosa pa kutokea, likaota upande. Ikibidi kung'oa, ulizia kifaa cha kushikilia nafasi. Kunyonya kidole kupita miaka 4 nako husukuma meno ya mbele nje.

Mpangilio wa meno uangaliwe mtoto akifika miaka 7, hata kama waya za kunyoosha meno zitafungwa baadaye. Kwa kawaida waya hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hazifungwi kabla ya matundu kuzibwa na ugaga kuondolewa. Zikitolewa, huvaliwa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Wengi hukiacha kabatini, meno yakapinda upya. Mipira ya kuziba mwanya inayouzwa mitandaoni ni hatari: huteleza chini ya fizi hadi kwenye mizizi, na meno mazima hulegea yakang'oka.

Madoa ya kahawia yanayoonekana sana Arusha, Kilimanjaro na Manyara si uchafu, basi msiyasugue kwa mchanga. Husababishwa na floraidi nyingi ya maji, na hata ya magadi ya kupikia, jino likiwa bado linaundwa utotoni.

Ukitafuta daktari, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Piga simu kwanza uulize: mnaziba na kutibu mizizi, au mnang'oa tu? Eksirei ipo? Vifaa vinatakaswa kwa mashine ya mvuke? Gharama ni kiasi gani, na bima yangu inalipia nini? Kituo kikiwa cha kung'oa tu, na jino halijalegea wala kubaki kipande, omba rufaa ya hospitali ya mkoa kabla hujachomwa ganzi.